Kuzalisha Mbwa Kwataka Moyo wa Kukataa

Ndugu msomaji, wapo wengi wadhanio kwamba kuzalisha mbwa ni jambo jepesi: apatikane dume, apatikane jike, kisha zihesabiwe fedha. Mimi nafuga mbwa aina ya Labrador hapa Morogoro, majike wawili tu nyuma ya nyumba, kwa kujifurahisha. Nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kusema hapana.

Jina la mbwa huyu laweza kumpoteza mtu. Asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, katika Kanada ya leo, ambako wavuvi walimtumia kuvuta kamba na kurudisha samaki waliochopoka ndoanoni. Waingereza walimchukua kwao katika karne ya 19, wakamfundisha kuokota ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 chama chao cha mbwa kikamtambua rasmi. Ndiyo sababu hupenda maji, hupenda kubeba vitu mdomoni, na hupenda watu kupita kiasi. Atafutaye mlinzi mkali na atafute kwingine.

Mwaka 2018 tulimnunua Asali, jike wa rangi ya manjano. Kabla ya kuchimba msingi wa banda nilimwendea mzee jirani yetu, Mwislamu mcha Mungu, ambaye nguo zake za sala hazipaswi kuguswa na mate ya mbwa. Akanijibu: "Mwanangu, mbwa wako akae kwako, na ujirani wetu ukae pale pale." Basi banda tukalijenga upande wa pili wa ua, kwa sakafu ya saruji yenye mwinamo ili maji ya kuoshea yatoke. Chakula chake kilikuwa ugali wa dona, dagaa na mboga, kwa kipimo. Mbwa huyu ni mlafi, na unene humfupishia maisha. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba Labrador waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao.

Jike wa aina hii aghalabu hupata joto kabla ya kutimiza mwaka mmoja au miezi michache baadaye, lakini haifai apandishwe hadi mwili upevuke, akiwa na umri wa kama miaka miwili. Hapo ndipo picha ya eksirei ya nyonga huaminika. Asali alikimbia kama swala, na watu watatu walikwisha kuagiza watoto wake. Mmoja alikuwa ametanguliza fedha. Daktari wa mifugo akainua picha kwenye mwanga. Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakikukaa sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga. Kasoro hii hurithiwa. Mbwa aweza kuwa nayo bila kuchechemea ujanani, kisha watoto wake wakashindwa hata kuinuka vizuri.

Nyumbani mume wangu, ambaye ndiye aliyenunua saruji, aliuliza: "Na mnunuzi atajuaje?" Nikamjibu kwamba hatajua, na kwa sababu hiyo hasa yatupasa sisi kujua kwa niaba yake. Alinyamaza usiku kucha. Asubuhi akachukua zile fedha, akazirudisha mwenyewe kwa mkono wake. Kitinda mimba wetu akauliza iwapo Asali atafukuzwa. La hasha! Alifungwa kizazi, na hadi leo hulala mlangoni pa watoto.

Jike wa pili, Tausi, mweusi, alikaguliwa nyonga na macho akaonekana mzima. Mwaka 2021 akapandishwa na dume asiye wa ukoo wake. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Joto la mwili lilipoteremka chini ya nyuzi 37 tulijua kwamba saa yake i karibu. Alizaa watoto saba. Kitoto cha mbwa hakiwezi kujitunzia joto katika majuma ya mwanzo. Usiku tuliamka kwa zamu kubadili chupa za maji moto zilizoviringwa kanga. Kila asubuhi tuliwapima kwa mizani ya jikoni. Mmoja hakuongezeka uzito, na siku ya tatu akafa mkononi mwangu.

Sita waliobaki walipewa dawa ya minyoo tangu juma la pili, na chanjo ya kwanza kabla ya kuondoka wakiwa na majuma manane. Kila mnunuzi aliahidi kumchanja mbwa wake kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, kwa maana ugonjwa huo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu haumwachi mtu hai. Bwana mmoja aliyetaka kumfunga mnyororo mchana na usiku nilimnyima.

Fedha zilizopatikana zililipa daktari, chakula na chanjo. Kilichobaki kilinunua bati tatu. Kwa hiyo, msomaji mwenye nia, anza na jirani, kisha daktari, kisha daftari la matumizi. Mbwa aje mwisho. Na uache nafasi tupu bandani kwa yeyote kati ya uliowauza atakayekosa kwao, kwani uliyemleta duniani hakosi kuwa wako.