Sado Si Gorogoro

Akina mama wenzangu, wapo wanaodhani kwamba mtu akihama Kenya kwenda Tanzania hajaenda ugenini, kwa kuwa lugha ni ile ile na shilingi ni shilingi. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku niliyokwenda kununua maharagwe Mkwajuni.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iliyokuwa sehemu ya Chunya kabla Mkoa wa Songwe haujamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukifika Mbalizi unaiacha barabara kuu iendayo Tunduma, unapita Galula, na joto linaongezeka kadiri unavyoiacha Mbeya nyuma. Ni nchi ya dhahabu. Mume wangu ni fundi wa makarasha, yaani mashine za kusaga mawe yenye dhahabu, na kazi hiyo ndiyo iliyotutoa Nakuru na mtoto wetu wa miaka 2.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda gengeni nikiwa na haraka. "Nipe nyanya za mia tano," nilisema, kama nilivyozoea nyumbani. Mwenye genge, mama wa makamo, alinitazama kwanza, kisha akasema taratibu, "Hujambo dada? Za asubuhi?" Nilijibu kwa mkato. Nikaulizia dania, akasema hana, hali majani yenyewe yalikuwa mbele yangu. Kumbe huko huitwa giligilani. Nikaulizia omena, akatikisa kichwa, na dagaa wamejaa tele kwenye ungo.

Yakafuata maharagwe, ambayo wao huyaita maharage. Mama akataja bei ya sado moja. Siku hizo nilikuwa na tabia ya kugeuza kila bei kichwani iwe pesa ya kwetu, na shilingi 1 ya Kenya hupata zaidi ya shilingi 15 za Tanzania. Nikagawa, nikalinganisha na gorogoro ya Nakuru, nikaona nimepandishiwa bei. Nikapaza sauti mbele ya watu: "Mnaniibia kwa sababu mimi ni mgeni!"

Yule mama hakubishana. Aliyamwaga maharage guniani, akanirudishia pesa yangu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo sikukanyaga tena pale. Kila mume wangu alipopata safari ya Mbalizi nilimwagiza unga, mafuta, sabuni, hata vitunguu. Nauli na mizigo vikala akiba yetu. Lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba hakuna jirani aliyebisha hodi kwangu. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba watu wa huku wana maringo. Kumbe nao walisema hivyo hivyo juu yangu.

Mvua zilipokolea, mume wangu alikuwa machimboni siku kadhaa. Simu yake haikupatikana, na pesa aliyoahidi kutuma haikufika. Mtoto akashikwa na homa. Zahanati walimtibu, wakaniambia nijitahidi kumnywesha uji. Niliporudi nyumbani nikakuta unga umebaki kijiko kimoja.

Jioni ile nilisimama mbele ya genge lile lile, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

Alikwisha kusikia kwamba anaumwa. Koo likanikaba. "Naomba unisaidie unga nusu kilo. Nitalipa baba yake akirudi."

Alipima kilo nzima, akaongeza konzi ya karanga za kutwanga na kutia kwenye uji. Kisha akafungua daftari lake la madeni, akaandika: Dada Mkenya. Hakunikumbusha neno langu hata moja.

Mume wangu aliporudi nilikwenda kulipa, na kabla ya kutoa pesa nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akachukua sado yake akaiweka mbele yangu. "Hii ni lita 4. Ya kwenu ikoje?" Nikamweleza kwamba gorogoro ni mkebe unaobeba kama kilo 2 tu. "Basi, mwanangu," akasema, "ulipunjwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwita mwizi mtu aliyenipimia zaidi ya nilivyozoea.

Leo nikienda sokoni husalimu kwanza, nikaulizia na hali ya nyumbani. Nasema "naomba", wala si "nipe", kwa maana neno ambalo Nakuru halimkeri mtu, hapa huumiza. Kabla ya bei huuliza kipimo. Na nimeacha kugeuza pesa kichwani, kwa sababu mume wangu analipwa kwa shilingi ya hapa, na matumizi yetu hupangwa kwa hiyo hiyo. Tena nina genge langu moja, ambako sikosi nyongeza, na siku ya shida naaminiwa.

Mama mpendwa, labda wewe hujawahi kuishi ugenini. Lakini huenda mtaani kwako yupo mama mgeni asemaye "nipe", anayeulizia kitu kilicho mbele ya macho yake. Usiharakishe kumwita mwenye maringo. Mwambie tu majani yale yanaitwaje, na umwoneshe ukubwa wa kipimo chako.