Ukuta wa Hadrian kwa Miguu, Nikiwa na Miaka 67

Kwetu Tanga, mtu mzima akionekana anatembea mwendo mrefu kwa miguu, watu humwonea huruma. Nilipompigia simu mdogo wangu na kumwambia kuwa nataka kutembea kilomita 135 kwa hiari yangu, aliuliza, "Dada, kwani huko Uingereza nauli imepanda kiasi hicho?" Nikamweleza kuwa wenzetu huku huona kutembea ni mapumziko, na zipo njia zilizotengwa kwa kazi hiyo. Akacheka. "Haya, Mungu akupe nguvu."

Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 66. Kusimama wodini miaka mingi kulikuwa kumeniachia magoti yanayouma na sukari iliyoanza kupanda. Daktari akanishauri nitembee. Nilianza na dakika 20 bustanini, nikafika saa moja, kisha saa tatu. Mwaka uliofuata nikaamua kuufuata Ukuta wa Hadrian, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Ukuta huu ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Hadrian, Kaisari wa Roma, kuwa mpaka wa kaskazini wa dola yake. Ulikuwa na urefu wa kama kilomita 117, na kila baada ya maili moja ya Kirumi palikuwa na kingome kidogo chenye lango. UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 1987, na njia ya miguu ikafunguliwa mwaka 2003. Inaanzia Wallsend, karibu na Newcastle, na kuishia Bowness-on-Solway.

Kilichonivuta ni watu waliokaa hapa. Wengi walikuwa wageni kama sisi. Kabla ya kuanza safari nilikwenda South Shields kuangalia mabaki ya ngome ya Arbeia. Kwenye jumba la makumbusho pana jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina, aliyefariki akiwa na miaka 30. Aliyelisimamisha ni mumewe, Barates, mtu wa Palmyra huko Shamu. Regina alikuwa mjakazi wake, akamwacha huru, akamwoa. Maandishi makubwa ni ya Kilatini, lugha ya serikali: jina, kabila, umri. Chini yake Barates ameongeza mstari mmoja kwa lugha ya kwao, wa kumlilia mkewe. Sidhani kama wapita njia wengi wa pale waliweza kuusoma. Aliuandika hivyo hivyo.

Mstari ule ulinimalizia ubishi wa nyumbani. Nilikuwa nimenunua daftari la kuandikia safari, na binti yangu alikuwa ameniambia, "Mama, andika Kiingereza, wajukuu wako wapate kusoma." Alikuwa na hoja. Watoto wake wawili wanasikia Kiswahili, lakini kukisoma ni tabu. Mimi nami nilikuwa namfikiria marehemu mama yangu. Alikwenda sokoni kwa miguu na kikapu cha nazi kichwani, alfajiri, miaka nenda miaka rudi. Hakujua kuandika, na sina hata mstari mmoja wa safari zake. Ninachokumbuka ni maneno yake, na maneno yake ni ya Kiswahili. Basi daftari nikaliandika kwa Kiswahili, na kila usiku nikawarekodia wajukuu ukurasa wa siku hiyo kwa WhatsApp.

Siku za kwanza ni za mji na mto Tyne, madaraja na baiskeli. Ukiupita mji, mashamba yanaanza, na kondoo wanakutazama kama mdaiwa. Katikati ya njia ukuta unapanda juu ya majabali meusi. Hapo ndipo penye kazi: unapanda, unashuka, unapanda tena, mpaka Winshields, mita 345 juu ya bahari. Upepo ulikuwa unanivua mtandio. Adhuhuri nilijibanza nyuma ya mawe ya Warumi, nikatafuta kibla kusini mashariki, nikaswali nikiwa na koti la mvua.

Karibu na hapo ni Sycamore Gap, bonde dogo lililokuwa na mti mmoja maarufu. Watu waliukata usiku, Septemba 2023. Nilikuta kisiki kimetoa vichipukizi. Usiku ule mjukuu wangu wa miaka 11 alijibu, "Bibi, 'kisiki' ni nini?" Nikamweleza. Kesho yake akaniuliza "jabali". Akaanza orodha yake.

Siku ya tano goti la kushoto lilivimba. Nililala siku nzima nyumba ya wageni nikiwa na barafu juu ya goti, nikifikiria kupanda treni nirudi nyumbani. Jioni ujumbe ukaingia: "Bibi, leo mbona hujatuma?" Asubuhi nikafunga goti bandeji na kuchukua basi mpaka Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta. Huko, tangu mwaka 1973, wamefukua barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vipande vya mbao vyembamba, zina umri wa karibu miaka 1,900. Moja inataja soksi, ndala na chupi alizotumiwa mtu. Nyingine ni ya mwanamke, Claudia Severa, anamwalika rafiki yake kwenye siku yake ya kuzaliwa. Soksi na mwaliko! Nikasema, kumbe hata mimi na magoti yangu nina la kuandika.

Niliendelea taratibu, nikikatisha vipande viwili kwa basi namba AD122, linalopita kando ya ukuta majira ya joto. Baada ya Carlisle unapita Beaumont, palipopatikana jiwe linalotaja kikosi cha Wamauri, askari wa Afrika Kaskazini waliolinda ngome ya jirani katika karne ya 3. Mvua ilikuwa inanyesha. Niliwaonea huruma ya kweli.

Bowness-on-Solway ni kijiji kidogo. Njia inaishia kwenye kibanda kinachotazama maji, na ng'ambo unaiona Skotilandi. Nilikula tende tatu na kunywa chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa.

Kwa wazee wenzangu mnaofikiria safari kama hii: muoneni daktari kwanza, hasa mwenye sukari au presha. Viatu vivaliwe miezi miwili kabla, la sivyo malengelenge yatawarudisha. Fimbo mbili huyapunguzia magoti mzigo wakati wa kushuka. Nendeni kati ya Mei na Oktoba, wakati mwingine ardhi ni tope na kuikanyaga kunaharibu mabaki. Msitembee zaidi ya kilomita 14 kwa siku.

Na bebeni daftari. Langu limejaa, kurasa 61. Mjukuu ameomba alinakili kwa mkono wake, na juzi alifika ukurasa wa tisa. Tahajia yake ni ya ajabu, lakini sijamsahihisha.