Dawa ya Kichwa Iliyobana Kifua



Ndugu wasomaji, safari hii nimeomba nafasi niandike juu ya kidonge. Kinaitwa propranololi, na wengi parokiani mnakifahamu kama dawa ya presha au ya moyo. Mimi nilipewa kwa ajili ya kipandauso.

Asiyewahi kuugua kipandauso hudhani ni kuumwa kichwa tu. Kwangu huanza na mistari inayometameta pembeni mwa jicho, kama bati jipya linalopigwa na jua. Haipiti nusu saa, upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga wa dirishani unachoma, na harufu ya vitunguu vikikaangwa jikoni inanitapisha. Mwaka wa kwanza wa falsafa nililala na taulo usoni mara mbili kwa wiki, wenzangu wakiwa darasani.

Katika kituo kimoja cha afya mjini nilisikilizwa vizuri kuhusu kichwa. Nikapimwa presha, nikaandikiwa propranololi ya miligramu 40, asubuhi na jioni. Kuhusu kifua sikuulizwa. Pumu yangu ilikuwa kimya tangu darasa la sita, na fomu ya afya ilipoandikwa pumu hiyo ilikuwa ndani ya faili seminarini.

Kichwa kilianza kutulia wiki ya tatu. Lakini kabla ya hapo, tangu wiki ya kwanza, usiku nilikuwa na kikohozi kikavu. Kwenye kwaya nikawa siwezi kumaliza mstari mmoja wa sauti ya tatu bila kukata pumzi. Mpirani nilitoka nje dakika ya kumi. Ilikuwa Agosti, vumbi limejaa kila mahali, na kila mtu alikuwa na jibu: ni vumbi, Frateri. Mwenzangu wa chumbani akasema kifua changu kinapiga filimbi kuliko refa.

Usiku mmoja filimbi haikunyamaza. Sista wa zahanati yetu alinipa inhela ya salbutamoli. Nikavuta mara mbili, tukasubiri, nikavuta tena. Kwa mwenye pumu, inhela hiyo ndiyo mlango wa dharura, na safari hii mlango ulifunguka kidogo tu. Hapo Sista akauliza swali ambalo namshukuru nalo mpaka leo: “Frateri, siku hizi unakunywa dawa gani?” Nilipomtajia, hakusema neno. Akaenda kumwamsha dereva.

Hospitalini nilivutishwa kwa mashine dawa nyingine, ipratropiamu, pamoja na oksijeni. Asubuhi daktari alinieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwilini kuna vipokezi vinavyopokea adrenalini. Vya moyoni vikiipokea, moyo hupiga kwa kasi. Vya kwenye mirija ya mapafu vikiipokea, mirija hutanuka na hewa hupita. Propranololi haichagui, huziba vyote. Mwenye mapafu mazima hata hatambui. Mwenye pumu anaweza kubanwa, hata kama pumu yake imelala miaka mingi. Na kwa kuwa salbutamoli hufanya kazi kupitia vipokezi vilevile vya mapafu, inakuta nafasi imeshakaliwa. Ipratropiamu hupita njia nyingine, ndiyo maana ilisaidia.

Jambo hili si geni. Dawa hii ilitokana na kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960. Hakuwa akitafuta dawa ya kichwa. Alitaka kuupunguzia kazi moyo wenye maumivu, na mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na watafiti wengine wawili. Faida yake kwa kipandauso ilionekana baadaye kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa moyo. Hatari yake kwa wenye pumu inajulikana kwa miaka mingi, imeandikwa hata kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Sisi hatuioni karatasi hiyo, maana vidonge tunahesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo.

Wala si propranololi peke yake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazimeza kwa kila kichwa kinachouma, huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Sumatriptani, inayotumika kukata kipandauso kikishaanza, huwaletea wengine hali ya kukazwa kifuani na shingoni. Mara nyingi si moyo, lakini lazima daktari aangalie.

Nisieleweke vibaya: propranololi ni dawa nzuri, na nawajua watu inaowasaidia sana. Anayeitumia kwa moyo asiiache ghafla kwa sababu amesoma makala ya frateri, maana kuiacha ghafla kuna hatari yake. Amwone daktari aliyemwandikia. Lakini ukianza kupiga filimbi kifuani, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuna jambo jingine, na hili ni la nyumbani kwetu. Baada ya kurudi, mafrateri wawili walinijia kwa siri, kila mmoja kwa wakati wake, kuniambia nao wana pumu na hawapendi ijulikane, wasije wakaonekana hawafai kwa utume. Naielewa hofu hiyo. Ila kwangu mimi, kule kuandikwa kwenye faili hakujanifukuzisha. Baba Gombera aliuliza tu kama sasa napumua vizuri.

Siku hizi nakunywa amitriptilini usiku. Kichwa kinanijia kama mara mbili kwa mwezi. Inakausha mdomo, na kwenye Masifu ya Asubuhi nasinzia zaburi nzima, lakini mstari wangu kwenye kwaya naumaliza. Sista alikaa nami tukajaza taarifa ya madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA): jina la dawa, siku niliyoanza, siku niliyoacha, kilichotokea. Mgonjwa mwenyewe naye anaruhusiwa kuitoa. Anayetaka kusaidiwa kuijaza, Sista yupo zahanati kila siku baada ya kifungua kinywa, isipokuwa Dominika.