Kumzuru Mtu Asiye na Kaburi

Kwetu anayetaka kumkumbuka marehemu huulizia kwanza kaburi lilipo. Roberto Clemente, mchezaji wa besiboli, hana. Usiku wa tarehe 31 Disemba 1972, ndege ya DC-7 iliyosheheni misaada kupita uwezo wake iliruka kutoka San Juan, Puerto Rico, kuelekea Managua, mji mkuu wa Nicaragua uliokuwa umebomolewa na tetemeko siku nane kabla. Haikufika mbali. Ilianguka baharini karibu na pwani ileile ilikotoka, watu wote watano waliokuwemo wakafa, na mwili wa Clemente haukupatikana hata baada ya msako wa siku nyingi. Ndiyo maana ziara hii niliianzia mbali na bahari ile, penye ukuta wa matofali katika mtaa wa Oakland mjini Pittsburgh, nikaifuata njia ambayo mashabiki wake wamejichongea wenyewe: kutoka ukutani hadi darajani, na kutoka darajani hadi kwenye sanamu. Nilikuwa na jambo moja la kupima. Husemwa kwamba kumbukumbu za mashabiki ni majonzi yaliyopakwa asali, kwamba mtu akifa vizuri husahauliwa kasoro zake na kuongezewa sifa. Kwa Clemente naona kinyume chake. Mashabiki wake ni mashahidi, na kwa baadhi ya mambo ushahidi wao unashinda vitabu vya takwimu.

Msomaji asiyejua besiboli asihangaike, maana hapa patahitajika machache tu. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne, na walinzi wanajaribu kumtoa kabla hajafika. Watatu kati ya walinzi husimama mbali kabisa, nyuma ya wenzao, na kazi yao ni kudaka mipira mirefu na kuirudisha upesi. Clemente alilinda pembe ya kulia kwa timu ya Pirates ya Pittsburgh misimu 18, kuanzia 1955 hadi 1972. Vitabu vinasema mengi juu yake: mapigo 3,000 kamili, ubingwa wa wapigaji wa ligi yake mara nne, Glovu ya Dhahabu ya ulinzi bora miaka 12 mfululizo. Siyapingi hayo. Ninachosema ni kwamba ukisikiliza wanavyomsimulia waliomwona, takwimu ni kama utangulizi tu, na utamu wa simulizi uko kwingine.

Ukuta wa Oakland ni mabaki ya uwanja wa Forbes Field, uliofunguliwa 1909 na kufungwa 1970. Sehemu kubwa ya eneo hilo sasa ni majengo ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Matofali yametambaliwa na mimea, na tarakimu 457 bado zinasomeka, umbali kwa futi kutoka kituo cha nyumbani, karibu mita 139. Kituo chenyewe kiko ndani ya jengo la chuo, kimefunikwa kioo sakafuni, na wanafunzi wanakipita wakiwahi vipindi. Kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika ukutani kusikiliza kanda ya redio ya mchezo wa mwisho wa fainali za World Series za 1960, Pirates dhidi ya Yankees wa New York. Wanaujua mwisho wake: Bill Mazeroski aliupiga mpira ukavuka ukuta, na Pittsburgh ikashinda 10 kwa 9. Hata hivyo wanausikiliza wote, tangu mwanzo, na hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Mtu anayetaka kufarijiwa tu angesikiliza dakika ya mwisho. Anayekaa saa mbili na nusu kwenye baridi ya Oktoba anataka kusikia na lile la awamu ya nane, Pirates wakiwa nyuma na wapigaji wao wawili wameshatolewa. Clemente alipiga mpira dhaifu, wa kuburuza, ambao kwa kawaida ungemtoa yeye wa tatu na kufunga awamu. Akatoka mbio kama mwizi. Mrushaji wa Yankees hakuwahi kufika kituo cha kwanza, Clemente akapona, mwenzake akaingia nyumbani, na mpigaji aliyefuata, Hal Smith, akaupeleka mpira nje ya uwanja na kuleta pointi tatu. Bila mbio zile, Mazeroski asingekuwa na cha kumalizia. Kitabuni, tukio hilo ni pigo moja la ndani ya uwanja, mstari mmoja kati ya mingi. Na katika kura za mchezaji bora wa ligi mwaka huohuo, waandishi walimweka Clemente nafasi ya nane.

Mfano wa pili una nguvu zaidi, nao haukutokea Pittsburgh. Mwaka 1971 Pirates walicheza fainali dhidi ya Orioles wa Baltimore. Katika mchezo wa pili, ugenini, mpira mrefu ulipigwa kuelekea pembe ya kulia, na mkimbiaji wa Orioles, Merv Rettenmund, alikuwa kituo cha pili akisubiri udakwe ili akimbilie cha tatu. Ilionekana kazi rahisi. Clemente aliukimbilia, akaudaka akiwa anakwenda upande usiofaa kwa kurusha, akageuka mwili mzima hewani na kuuachia. Ujanani alikuwa mrusha mkuki shuleni kwao Carolina, Puerto Rico, na mkono ule haukusahau mkuki. Mpira ulifika kituo cha tatu karibu sawasawa na mkimbiaji. Rettenmund alipona kwa chembe. Yaani mrusho haukuwa na faida: hakuna aliyetolewa, hakuna pointi iliyozuiwa, na Pirates walifungwa siku hiyo 11 kwa 3. Katika hesabu rasmi mrusho ule ni sifuri. Hata hivyo Andy Etchebarren, mdakaji wa Orioles, mpinzani, alisema hajapata kuona mrusho bora zaidi wa mlinzi wa mbali. Mashabiki wa Pittsburgh wanausimulia hadi leo kuliko mapigo yake mengi yaliyoleta ushindi. Kama kumbukumbu yao ingekuwa ya kujipendekeza, ingechagua tukio lenye faida. Imechagua lililoshindwa, kwa sababu ndani yake mtu aliona kipaji kikiwa wazi, bila kufunikwa na matokeo.

Najua jibu litakalokuja: kila mwaka mrusho huo unarefuka, na mzee akimsimulia mjukuu, mita 90 huwa 120. Nakubali. Siwezi kumtetea shahidi kwenye vipimo. Lakini hapa takwimu nazo zina upofu wao. Zinahesabu wakimbiaji aliowatoa, na hesabu ni kubwa, kwani miaka mitano tofauti aliongoza walinzi wa mbali wa ligi yake kwa kuwatoa wakimbiaji. Haziwezi kuwahesabu wale ambao hawakukimbia. Kocha aliyeinua mikono kumzuia mchezaji wake kituo cha tatu kwa sababu mpira ulikuwa mikononi mwa Clemente hakuandikwa popote, na mkimbiaji aliyepiga hatua mbili, akaangalia kulia, akarudi, hakuacha alama kitabuni. Umati uliokuwa unatazama uliyaona yote mawili. Hofu ya wapinzani ni sehemu ya mchezo, na mahali pekee ilipohifadhiwa ni vichwani mwa waliokuwa wamekaa upande wa kulia wa uwanja.

Kutoka Oakland nilishuka katikati ya mji hadi Mto Allegheny, kwenye daraja la njano ambalo tangu 1998 linaitwa kwa jina lake. Siku za mechi magari hufungiwa na watu huvuka kwa miguu, wazazi na watoto, wengi wamevaa jezi yake namba 21. Asili ya jina hilo inafaa kujulikana: wengi walitaka uwanja mpya upande wa pili wa mto uitwe Clemente, haki ya jina ikauzwa kwa benki, na daraja likabadilishwa jina kama kifuta machozi. (Sijui kama benki ilipata hasara au faida, ninachojua ni kwamba watu huvuka daraja kwa miguu, na benki hakuna anayeivuka.)

Pale juu ya maji ndipo pingamizi kubwa zaidi linapomjia mtu. Je, si kifo kilichomfanya Clemente awe Clemente? Wiki chache baada ya ajali, kanuni ya kusubiri miaka mitano iliwekwa kando, na mwaka 1973 akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri huko Cooperstown, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini. Tuzo ya ligi kwa mchezaji mwenye utu ilibadilishwa jina ikawa yake. Alipanda ndege ile mwenyewe kwa kuwa zilikuwapo habari kwamba misaada ya awali ilikuwa ikiishia mikononi mwa watu wa serikali ya Somoza huko Nicaragua, akaamini kwamba akiwepo yeye hawatathubutu. Kifo cha namna hiyo kinaweza kumfanya mtu yeyote awe walii. Lakini heshima za taasisi ni kitu kimoja, na mapenzi ya watu ni kingine. Tarehe 24 Julai 1970, akiwa hai na mzima, Pirates waliandaa usiku maalumu kwa ajili yake. Watu zaidi ya elfu 40 walijaza uwanja mpya wa Three Rivers, wengine wakiwa wamesafiri kutoka Puerto Rico, wakamkabidhi karatasi ndefu yenye saini za watu wapatao 300,000 wa kisiwa chake. Hakuna aliyejua ya Managua. Kifo kiliyatangaza mapenzi hayo duniani; kuzaliwa, yalikwisha kuzaliwa.

Pingamizi jingine linaniuma zaidi kwa sababu lina ukweli mwingi. Mji huu haukumpokea hivyo. Clemente alikuwa mweusi na msemaji wa Kihispania katika mji uliokuwa na Walatino wachache mno. Kwenye mazoezi ya Florida, wachezaji weusi walibaki ndani ya basi wakisubiri chakula wenzao weupe wakila mgahawani, mpaka yeye akadai watafutiwe gari lao. Magazeti yalinukuu Kiingereza chake kwa tahajia ya kumchekesha msomaji. Alipolalamikia mgongo, ulioumia katika ajali ya gari mwaka 1954, waliandika kwamba anajitia ugonjwa. Kwa miaka mingi kadi za wachezaji zilimwita Bob, jina ambalo hakulitaka. Na alipofikisha pigo la 3,000, tarehe 30 Septemba 1972, walioingia uwanjani walikuwa 13,117 tu. Viti vitupu ndivyo vilivyokuwa vingi.

Sitajaribu kuyafuta hayo. Nadai tu kwamba tusiyachanganye makundi. Waliomwandika Bob walikuwa na kalamu. Waliokaa jukwaani walikuwa na macho, na masikioni mwao alikuwamo mtangazaji wa redio Bob Prince, aliyekuwa akipaza sauti ya Kihispania, Arriba, kila Clemente alipokaribia kupiga. Watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wajukuu wa Wapolandi, Waitaliano na Waayalandi, walijifunza neno hilo moja na kulipigia kelele. Ni kidogo, lakini kwa wengi wao ndicho Kihispania cha kwanza kutamkwa kwa furaha. Nao walipata la pili mwaka 1971, Pirates walipotwaa ubingwa kwa ushindi wa 2 kwa 1 katika mchezo wa saba, ambao Clemente mwenyewe alifungua kwa mpira uliovuka ukuta: mbele ya kamera za taifa zima aliomba kwanza aseme na wazazi wake, na akasema nao kwa lugha yao. Kuhusu jina, hata Cooperstown walikosea. Kibao chake kiliandikwa Roberto Walker Clemente, kwa mpangilio wa Kiingereza. Kwa desturi ya Kihispania jina la ukoo wa baba hutangulia na la mama hufuata, kwa hiyo alikuwa Roberto Clemente Walker. Sisi tunaobeba jina la baba na la babu nyuma ya letu tunaelewa uzito wa kupindua mpangilio huo. Kibao kilirekebishwa mwaka 2000, miaka 27 baadaye. Taasisi iliandika kwa shaba ikakosea. Shabiki aliyesema Roberto, basi, hakuwa na cha kurekebisha.

Upande wa pili wa daraja ni PNC Park, uliofunguliwa 2001. Ukuta wa pembe ya kulia umejengwa kwa urefu wa futi 21, mita sita na ushee, kwa ajili ya namba yake. Mlinzi wa kulia anayecheza hapa leo amepewa kiwango cha kupimwa nacho nyuma ya mgongo wake, na wageni waliokuja kutazama mpira tu hawatambui kwamba wanatazama tarakimu.

Sanamu iko nje, karibu na mwisho wa daraja. Iliwekwa Three Rivers mwaka 1994, kisha ikahamia huku uwanja ule ulipobomolewa. Mchongaji hakumweka akishangilia wala akipungia watu. Amemshika katika hatua ya kwanza baada ya kupiga, gongo likimponyoka, macho yakifuata mpira, mwili umeshaanza kukimbia. Kitako chake kina umbo la almasi kama uwanja, na ndani yake umetiwa udongo wa viwanja vitatu: cha Puerto Rico alikoanzia, Forbes Field, na Three Rivers. Kwetu, wazikaji hukaribia ukingo wa kaburi na kutupia udongo kwa mikono mara tatu. Waliosimama pale nilipofika walikuwa wanane hivi, wazee wawili na waliobaki vijana, na mmoja wa wazee alikuwa anaonyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi mrusho ule wa Baltimore ulivyokwenda.