Barua kwa Mwenye Nyumba

Miaka yetu ya mwanzo Houston, depositi ilikuwa pesa ya kusamehe. Mtu akihama alisugua jiko, akakabidhi funguo ofisini, akangoja hundi. Isipokuja, basi. Mombasa tulikotoka, mwenye nyumba akikusumbua unamtuma mjomba au mzee wa mtaa akazungumze naye barazani. Yakishindikana, mwezi wa mwisho hulipi kodi, depositi inafidia. Texas sheria inakataza jambo hilo, na ukilifanya kwa nia mbaya unaweza kudaiwa mara tatu ya kodi uliyozuia. Tena mzee utamtuma kwa nani? Mwenye nyumba ni kampuni, na karani uliyempa funguo mwezi ujao huenda hayupo.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, mama wa Kitanzania aliyefanya usafi hospitalini usiku na kusoma mkataba wake mchana, kamusi mkononi. Ndiye aliyetwambia kwamba mwenye nyumba ana siku 30 tangu mpangaji aondoke: arudishe depositi, au aorodheshe alichokata na sababu zake. Lakini halazimiki kufanya lolote kati ya hayo mpaka mpangaji ampe anwani yake mpya kwa maandishi. Kwa maandishi! Na sisi sote tulikuwa tukiitaja kwa mdomo tu.

Barua yake haikujaza hata ukurasa: namba ya nyumba, siku aliyokabidhi funguo, kiasi cha depositi, anwani mpya. Akaipeleka posta na kulipia ile kadi ya kijani ambayo mpokeaji huitia saini, ikarudi kwa mtumaji. Hundi ilikuja imepunguzwa pesa za zulia. Akaandika tena, kwa adabu ileile, kwamba zulia lilififia kwa kukanyagwa tu, na sheria hairuhusu kukata uchakavu wa kawaida. Akamaliziwa pesa zake.

Nakala ya barua hiyo ikaanza kupita mikononi mwa Wakenya, Wakongo na Warundi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Maelezo tulipeana kwa Kiswahili, ngazini, watoto wakicheza. Siku hizi vijana hupiga picha kila chumba siku ya kuingia na ya kutoka, na wanajua kwamba anayezuia depositi kwa nia mbaya anaweza kuamriwa kulipa mara tatu ya alichozuia, na dola 100 juu yake. Mwaka jana kijana wa Kirundi aliniletea barua yake niisome kabla hajatia saini. Anwani mpya aliiandika mstari wa kwanza kabisa, na pesa za kadi ya kijani alikuwa nazo mfukoni.