Besi Usiku, Majirani Wamelala

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa muziki kwenye senta yetu si la nota wala la nyuzi. Ni hili: "Yaya, hii pedali naiunganishaje na kompyuta nifanye mazoezi?"

Hapa Nyarugusu swali hilo lina uzito wake. Amplifaya ni moja, ni ya kanisa, na jioni inafungiwa ndani. Nyumba zetu za tofali za udongo zimesogeleana; ukipiga besi kwa sauti usiku, mama wa nyumba ya tatu anajua umekosea wapi. Na mchana umejaa: shule, maji, kuni, foleni ya mgao. Muda unaobaki ni usiku.

Kwa wasioijua, pedali ya efekti ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Waya wa gitaa la besi unaingia upande mmoja, sauti inatoka upande wa pili ikiwa imebadilika: imekuwa nzito, au imebanwa isirukeruke, au imekwaruzwa kidogo. Ya kwetu inakula betri nne ndogo, kwa hiyo hata sola ikiisha kazi inaendelea.

Wengi wakiona ina tundu la USB wanafikiri mambo yamekwisha: chomeka, piga. Kwa pedali nyingine ni kweli, maana ndani zina kadi ya sauti na kompyuta inazitambua. Lakini ziko nyingi, hasa ndogo za bei nafuu, ambazo USB yake ni ya kupokea umeme na kubadilisha mipangilio tu. Sauti haipiti humo hata ukeshe. Angalia kwenye orodha ya vifaa vya sauti vya kompyuta: kama pedali haionekani hata baada ya kuweka programu yake, usipoteze usiku wako.

Mimi lakini nasema hivi: kwa mazoezi, hata kama USB yako inapitisha sauti, geuza safari. Usipeleke besi kwenye kompyuta. Leta wimbo kwenye pedali. Tafuta tundu dogo lililoandikwa AUX IN. Chukua waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5 pande zote mbili, ule ule wa kuunganisha simu na redio. Upande mmoja uingie kwenye tundu la hedfoni la kompyuta, wa pili kwenye AUX IN. Hedfoni zako zichomeke kwenye pedali. Basi. Wimbo na besi vinakutana masikioni mwako, na nje mtu anasikia nyuzi zikigongwa tu, kama kuku anaparua mkeka.

Sababu ni kuchelewa. Besi ikipita ndani ya kompyuta inageuzwa kuwa namba, inachakatwa, halafu inarudishwa kuwa sauti. Kompyuta zetu za kizamani hapo zinavuta miguu. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kwenye sebene, pale waimbaji wanapowaachia magitaa uwanja, besi yetu ya Kikongo haikai tu kwenye mapigo. Inaacha shimo, inakaa kimya mahali ulipoitegemea, kisha inaingia. Mwanafunzi anayesikia noti yake imechelewa anaanza kuwahisha vidole bila kujua, na Jumapili kwenye amplifaya anawahi kweli mbele ya kanisa zima. Kwa njia ya AUX besi haigusi kompyuta kabisa, kwa hiyo hakuna cha kuchelewa.

Na usitegemee spika za laptop. Uzi mnene wa besi ukiupiga bila kubana unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo kama zile haziwezi kuutoa. Unasikia kivuli chake tu. Hedfoni za kufunika masikio, hata za mtumba, ni bora.

Kitu kingine: ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptop kabla hujalaumu waya. Mara nyingi unanyamaza hapo hapo.

Kazi ya kompyuta basi ni nini? Ni kupunguza mwendo. Audacity ni programu ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Unachagua kipande kinachokushinda, unapunguza mwendo kwa asilimia 25 bila sauti kushuka, unakiacha kijirudie mpaka vidole vikubali.

Mwaka jana besista wa kwaya yetu alipata safari ya nchi ya tatu. Tulijua anaondoka, siku hatukuijua. Nyimbo za kwaya hazijaandikwa popote. Besi yake ilikuwa vidoleni mwake tu. Kwa hiyo wiki zile tulirekodi. Hapo ndipo sauti ilibidi iende kwenye kompyuta: kutoka tundu la kutokea la pedali, pini kubwa ikapunguzwa kuwa ndogo, ikapita kwenye spliter maana laptop ina tundu moja la hedfoni na maiki pamoja. Tulianza na sauti ya chini kabisa, tukapandisha taratibu mpaka mawimbi kwenye skrini yakawa makubwa bila kugonga dari. Alirekodi nyimbo 11, besi peke yake. Kabla ya kila wimbo anagonga nyuzi mara nne. Siku mbili baada ya wimbo wa mwisho, basi lilimchukua.

Sasa anayejifunza ni binti wa miaka 17, mwimbaji wa kwaya hiyo hiyo. Mama yake hamruhusu kwenda ukumbini usiku, na mama ana haki. Njia ya kule wote tunaijua. Laptop haitoki senta, kwa hiyo tunapunguza mwendo mchana, tunamwekea kwenye simu, na pedali anaisaini kwenye daftari. Simu yenye tundu la hedfoni inafanya kazi ile ile.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa niseme kidogo. Kuna wafadhili waliotuletea kinanda na spika mbili kubwa, tukashukuru, tukapiga picha. Waya haukuwemo hata mmoja. Vikakaa kwenye maboksi karibu msimu mzima wa mvua. Mkiuliza vijana wanahitaji nini, andikeni pia vitu vidogo: waya za pini ndogo, spliter, betri za kuchaji, hedfoni.

Binti amefika wimbo wa saba. Lakini haupigi kama ulivyorekodiwa. Ameongeza shimo moja kabla ya kiitikio. Mwalimu wa kwaya anataka urudi kama zamani.

"Mwalimu, samahani," akamwambia, "yaya alipiga vile kwa ajili ya mpiga ngoma wa wakati ule. Huyu wa sasa anakimbia."

Mpiga ngoma alikuwepo, akacheka, hakukataa. Alhamisi watapiga zote mbili, wazee wa kwaya wasikilize.