Siku Tatu Katika Kisiwa cha Lewis

Ndugu wasomaji, Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi yake na tuzingatie. Walakini mara nyingi mtu husafiri akaona milima na bahari, asijione nafsi yake. Nami nilikuwa mmoja wa hao, mpaka siku tatu nilizokaa katika kisiwa kimoja cha kaskazini zikanifumbua macho.

Mwaka wa 2019 nilikuwa nikisoma katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Kusema kweli, masomo yalikuwa yamenishughulisha hata nikaanza kuchezea sala. Adhuhuri nikiiacha kwa sababu ya darasa, Alasiri kwa sababu ya maktaba, kisha usiku nikizikusanya zote kama mtu alipaye madeni. Kila siku nikijiambia, “Mitihani ikisha nitajirekebisha.”

Ijumaa tarehe 14 Juni, baada ya sala ya Ijumaa katika msikiti mkuu wa Glasgow, ulio karibu na mto Clyde na uliofunguliwa mwaka 1984, nilipanda treni ya kwenda Inverness, nikalala huko. Asubuhi yake basi lilinifikisha Ullapool, bandari ndogo iliyozungukwa na milima, na hapo nikapanda meli ya kwenda Stornoway, mji mkubwa wa kisiwa cha Lewis. Safari hiyo huchukua saa mbili na nusu na zaidi kidogo.

Mimi ni mtoto wa Unguja, na harufu ya bahari ilinifurahisha. Lakini tulipokaribia bandari, abiria mmoja alinionyesha mahali palipozama meli iitwayo Iolaire, alfajiri ya tarehe 1 Januari 1919. Ilikuwa imewachukua mabaharia wa kisiwa hicho waliookoka katika Vita Kuu, wakirejea makwao, na watu 201 wakafa maji hali ya kuwa taa za mji wao zikionekana. Nikakumbuka msiba wetu wa Spice Islander wa Septemba 2011, baina ya Unguja na Pemba. Naam, watu wa visiwa wanafanana kwa misiba yao.

Nilipokwisha weka mzigo wangu katika nyumba ya wageni nilitoka mara moja kwenda Calanais, upande wa magharibi wa kisiwa. Huko yako mawe marefu yaliyosimamishwa na watu yapata miaka 5,000 iliyopita, mengine yamepangwa mduara na mengine safu safu. Nilizunguka humo muda mrefu. Wataalamu wanadhani palikuwa mahali pa ibada, lakini ni ibada gani, na maneno gani yalisemwa, hakuna ajuaye kwa yakini. Waliosali wamekwenda zao, na waliofuata hawakuipokea, yamebaki mawe.

Nilirejea Stornoway yapata saa kumi na mbili jioni. Jua lilikuwa bado juu, kwani huko mwezi wa Juni halichwi mpaka kiasi cha saa nne na nusu usiku, na huchomoza tena kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umekwisha nami sijasali. Nikajipa udhuru wa msafiri, hali ya kuwa najua kwamba mwenye kuiakhirisha Adhuhuri mpaka Alasiri hana budi kuitia nia kabla wakati wake haujatoka. Mimi sikutia nia, nilisahau tu.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima aendaye kanisani, aliniandikia chai. Akanambia kwa upole, “Mwanangu, kesho ni siku yetu ya Bwana. Maduka yatafungwa, basi kama unahitaji kitu kanunue leo.” Kisha akanitazama, akasema, “Waislamu waliopata kulala hapa, jambo la kwanza huniuliza upande wa kuelekea katika sala. Wewe hukuniuliza.”

Wallahi, ile chai ilinikwama kooni. Sikuwa na jawabu. Nikamwambia, “Basi sasa nakuuliza, mama.” Akafungua pazia la dirisha, akanionyesha kusini mashariki. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini. Huko nilielekea upande nisiouzoea, nikailipa Adhuhuri, kisha nikasali Alasiri, na macho yakinilenga machozi.

Magharibi niliisali msikitini. Usitazamie, ndugu msomaji, jengo la fahari. Ni nyumba iliyokuwa chakavu, ikatengenezwa na kufunguliwa Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, nao ndio msikiti wa kwanza katika visiwa vile. Mjenzi mmoja kutoka mji wa Leeds aliongoza kazi, na michango ikatoka kwa Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Palikuwa na sauti za kupinga, lakini wengi walikubali. Kabla ya hapo Waislamu walisali majumbani mwao, na wao wapo kisiwani miongo mingi. Wa mwanzo walitoka Bara Hindi, wakichuuza nguo kijiji kwa kijiji, na watoto wao wakakua wakisema Kigaeli, lugha ya wenyeji. Baadaye wakaongezeka wakimbizi kutoka Syria. Wote pamoja ni wachache mno, na safu yetu usiku ule ilikuwa fupi, lakini ilinyooka.

Jumapili mji ulikuwa kimya. Milango ya maduka imefungwa, watu wamevaa nguo nzuri wakienda kanisani. Nilipopita nje nilisikia zaburi za Kigaeli: mmoja hutangulia na mstari, na jamaa wote humfuata, pasi na ala yoyote. Mwenyeji mmoja alinieleza kuwa hata meli ya Jumapili haikuwapo mpaka Julai 2009, na wengi waliipinga. Dini yao si yangu, wala siafikiani nao katika itikadi. Lakini niliona haya. Wao wanafunga biashara ya siku nzima. Mimi nilishindwa kufunga kitabu kwa dakika kumi.

Jumatatu alfajiri mama yule alikwisha niwekea maji ya moto ya kutawadhia, pasi na kumwomba. Nikarejea Glasgow, na mtihani wa kwanza niliokabiliana nao ulikuwa ni kumwambia mwalimu wangu, “Naomba ruhusa kidogo, wakati wa sala umefika.” Nilikuwa nikiliogopa neno hilo mwaka mzima. Akajibu, “Nenda,” na yakawa yamekwisha.

Baadaye, Novemba 2024, nilisoma habari kuwa duka moja kubwa la Stornoway limeanza kufunguliwa Jumapili, na wenyeji wamegawanyika. Sikushangaa. Ibada hailindwi na mawe wala milango. Hulindwa na watu wanaoishika, na wakiilegeza hupungua kidogo kidogo mpaka ikasahauliwa.

Enyi vijana mnaokwenda kusoma ugenini, nanyi wazazi mnaowafungia mizigo: mkoba una nafasi ya vitabu na nguo za baridi. Lakini neno la kwanza la kuuliza katika kila nyumba mtakayofikia liwe hili: kibla kiko wapi?

Wabillahi tawfiq.